Satelaiti Iliyodhani Inazunguka

Kikohozi kile bado nakisikia. Kilipitia kwenye maiki, kikatokea kwa spika mbili kubwa zilizofungwa kwa waya juu ya televisheni, na mabati ya ukutani yakatetemeka. Kho, kho, halafu mkwaruzo mrefu, kama mtu anaburuta meza kwenye sakafu ya simiti. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Walidhani ni sehemu ya filamu. Kwenye skrini nyota moja ilikuwa inamfyonza mwenzake, na mwanamume mmoja wa benchi la nyuma akasema kwa sauti, "Landlodi ameshiba, sikieni anavyobeua."

Mimi sikucheka. Nilikuwa mlangoni, mahali pangu pa kila Jumamosi, na kutoka pale nilimwona anko wangu ameinama na maiki mkononi, mabega yamempanda hadi masikioni. Alipoinuka alijifuta mdomo kwa mkono wa shati, akaendelea na stori pale pale alipoiachia. Shati lilikuwa jeupe. Baada ya kujifuta, lilikuwa na doa jekundu, dogo kama punje ya dengu. Nililitazama lile doa mpaka filamu ikaisha. Mtu aliniuliza kitu pale mlangoni, nikamjibu, na mpaka leo sijui nilimjibu nini.

Anko ni ndugu ya mama yangu, aliyezaliwa baada yake. Sisi tunakaa Kibera. Yeye ana ukumbi wa video kwenye mtaa unaoitwa Congo, huko Kawangware. Ni chumba kirefu cha mabati, mabenchi, televisheni, na yeye mwenyewe. Watu hawaji kwa ajili ya televisheni. Filamu zinazoonyeshwa pale ni za Kichina, Kihindi na Kikorea, na hakuna anayetaka kusikia wale watu wanasema nini hasa. Anko anazima sauti yao, anashika maiki, anawasemea wote: jambazi, mke wa jambazi, hata mbwa wa jambazi. Tunamwita DJ ingawa hachezi muziki. Nimewahi kuona mwanamke amekuja na mtoto mgongoni na sufuria ya maharagwe mkononi, akasimama mlangoni dakika zake, akasikia anko anavyomgombeza mfalme wa China kwa Kiswahili cha Kawangware, akaenda zake ameridhika.

Kazi hiyo ina sheria moja, na aliniambia nikiwa bado mdogo nikimtembelea likizo. Filamu ikishaanza, DJ hanyamazi. Kama unaielewa, tafsiri. Kama huielewi, tunga.

Ndivyo satelaiti zilivyoingia Congo. Jumamosi moja flashi aliyoambiwa ina kungfu ilikuwa na kitu tofauti kabisa, filamu ya mafunzo, ya Kiingereza, kuhusu satelaiti zinazoangalia eksirei zinazotoka kwa nyota. Mabenchi yalikuwa yamejaa. Nilimwangalia anko, nikajua leo ataomba watu msamaha. Akameza mate, akazima sauti ya Mzungu aliyekuwa anasimulia, akasema, "Watu wangu wa Congo, leo nawaletea Madam Satelaiti, askari wa huko juu kabisa, mwenye bunduki ya eksirei."

Hapo hakurudi nyuma. Kulikuwa na nyota ndogo nyeupe na jirani yake kubwa, na ile ndogo ilikuwa inamvuta yule mkubwa gesi yake yote, inazunguka kama maji yanayoingia kwa shimo. Anko akasema huyo mdogo ni landlodi na yule mkubwa ni mpangaji wake. Basi, ukumbi ukawaka. Kawangware kila mtu ana landlodi. Watu walimtukana huyo nyota kwa majina ambayo siwezi kuyaandika hapa, na Madam Satelaiti akazunguka ploti kwa ploti akiwapiga wezi eksirei mpaka mifupa yao ikaonekana.

Halafu mwisho wa filamu ukaja, na anko hakuutarajia. Satelaiti ilianza kuzunguka. Kwanza polepole, halafu kasi, halafu kasi zaidi, mpaka mabawa yake yakakatika na vipande vikatawanyika gizani. Niliona macho ya anko yakimtoka. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alinyamaza filamu ikiendelea. Kisha akaisogeza maiki karibu na kusema, taratibu, "Eksirei imemrudia mwenyewe. Ukiichezea, inakupasua."

Hakuna aliyecheka. Walitoka nje wakiwa kimya, na wiki iliyofuata wakaiomba tena. Wakaiomba tena na tena. Ilifika mahali kijana akiumia mguu kwenye mpira, wenzake wanamwambia asikubali kupigwa eksirei, ataenda kama Madam Satelaiti. Ulikuwa utani. Mimi pia nilicheka.

Baada ya siku ile ya doa nilimwambia mama. Mama yangu anauza samaki wa kukaanga karibu na reli, na ni mtu wa kelele nyingi, lakini niliposema damu, aliweka kijiko chini, akazima jiko. Asubuhi iliyofuata tulivuka Ngong Road kwa miguu, tukamtoa anko kitandani, tukampeleka zahanati. Daktari alimsikiliza mgongo kwa muda mrefu. Akamwambia apigwe picha ya kifua siku hiyo hiyo, chumba kiko pale nyuma. Anko akasema sawa, akatoka kama mtu anayeenda chooni, akaenda nyumbani.

Tulimkuta amekaa kwenye benchi la mbele la ukumbi wake, peke yake.

"Omera, una akili kweli?" mama akamuuliza. Omera ni ndugu kwa Kijaluo, na ndivyo anavyomwita akimpenda, na pia akiwa na hasira naye.

"Siingii kwa hiyo mashine," anko akasema. "Watu wote walinisikia nikisema inapasua."

Nilidhani anatania. Nilikuwa tayari kucheka, mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Kisha nikaona mikono yake. Alikuwa ameibana katikati ya magoti, kama mtoto anayesubiri sindano.

"Lakini anko, si ni wewe ulitunga?"

"Ya landlodi nilitunga," akasema. "Ya bunduki nilitunga. Ya kupasuka sikutunga, Nyar Kibra. Tuliiona wote kwa macho."

Nyar Kibra ni binti wa Kibera, jina lake la kunibembeleza. Siku hiyo halikunibembeleza. Mtu aliyewafanya watu waamini kwamba mfalme wa China anadaiwa na muuza soseji za mutura, ameshikwa na stori yake mwenyewe, na yuko tayari kuketi nayo pale mpaka kifua kimmalize. Mama alimsihi, akamtukana, akalia kidogo, akamsihi tena. Anko alisema dawa ya kikohozi itatosha. Alikuwa amekonda. Sijui kwa nini hatukuwa tumeona. Nadhani kwa sababu sauti yake haikukonda.

Siku za kazi mimi hufua nguo mtaa wa Ayany, nyumba mbalimbali. Ni kazi ya mikono, masikio yanabaki huru. Niliomba ile filamu, nikaiweka kwa simu, nikaingiza spika za masikioni, na kwa mara ya kwanza nikasikia Mzungu mwenyewe anasema nini. Kiingereza changu ni cha kidato cha pili, kinachechemea lakini kinafika. Nilikuwa nikisikia kipande, natoa mikono kwa povu, nakausha kidole kimoja, narudisha nyuma, nasikia tena. Mwenye nyumba alinikuta nimesimama na shuka inayochuruzika maji miguuni, akaniuliza kama nimepata habari mbaya.

Sikuwa nimepata habari mbaya. Nilikuwa nimesikia kwamba satelaiti haina bunduki. Haipigi chochote. Eksirei zinatoka kwa nyota zenyewe, kwa ile gesi inayofyonzwa na kupata joto lisilo na mfano, na hewa yetu inazizuia zisifike chini, ndiyo maana watu wanaona kheri wapande juu ya hewa wakazipokee huko. Hata vioo vyake si kama vya kwetu, kwa sababu eksirei inapenya kioo ukiielekeza moja kwa moja. Wanavipanga kimoja ndani ya kingine kama sufuria dukani, zisizo na matako, ili miale iparaze pembeni tu na kuteleza hadi mwisho. Nilipenda hapo. Nilirudia hapo mara nyingi kuliko nilivyohitaji.

Nilisikia pia kwamba satelaiti ya kwanza kabisa ya eksirei ilirushwa kutoka baharini, upande wa Malindi, siku ya Jamhuri, mama yangu akiwa hajazaliwa, na wakaiita Uhuru. Nilikaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa. Hakuna aliyewahi kuniambia. Nilikuwa nimeimba nyimbo za Jamhuri miaka yote ya shule, nikachomwa na jua kwenye gwaride, na hakuna mwalimu aliyesema neno moja kwamba siku hiyo hiyo, kwetu hapa, kulipaa kitu kikaanza kuhesabu nyota zisizoonekana. Nilitaka kumpigia anko simu. Nikakumbuka ni kwa nini nasikiliza, nikaendelea.

Na hapo mwisho ndipo nililia, mbele ya nguo za watu. Ile iliyovunjika haikurudiwa na eksirei, wala haikupigwa na nyota. Ilikuwa mpya, imefanya kazi muda mfupi tu, na imeshaangalia gesi ya moto iliyo katikati ya kundi la magalaksi na kuikuta imetulia kuliko mtu yeyote alivyodhani. Siku moja ikageuka kuangalia kitu kingine, ikasimama sawa. Lakini chombo chake cha ndani kikaiambia kwamba bado inazunguka. Haikuwa inazunguka. Ikajisukuma upande mwingine ili isimame, na kwa kujisukuma ikaanza kuzunguka kweli. Ilipojaribu kujiokoa, ikatumia maagizo yaliyokosewa, ikazidisha kasi, mpaka ikajikata yenyewe vipande. Nilirudia mara tatu nikidhani Kiingereza ndicho kimenipotosha. Hakikunipotosha.

Ilichukua siku kadhaa zaidi kumrudisha anko zahanati. Mama alifanikiwa kwa kumwambia kwamba akikataa, atahamia ukumbini na jiko lake la samaki, na atakaanga pale mbele ya skrini. Alimjua ndugu yake. Mimi njiani nilimweleza kwamba eksirei haipigi mtu, inapokelewa tu, kama ile satelaiti. Nilisema kwa uhakika mkubwa. Alinitazama, akaonekana kuanza kuniamini.

Tuliketi kwenye benchi nje ya chumba cha picha. Mama alibaki dirishani mwa mapokezi. Mwanamke anayepiga picha akatoka na koti lake la buluu, mtu mchangamfu, akamuuliza anko kama ana mkufu au kitu cha chuma kifuani. Anko akamwambia hana, halafu akamuuliza swali moja, kwa ile sauti yake ya kwenye maiki.

"Madam, hiyo mashine inapiga ama haipigi?"

"Inapiga, lakini kidogo tu," akasema. "Miale inatoka hapa, inapita kifuani, inafika kwa ubao ulio mbele yako. Hata hutasikia."

Anko akageuka akaniangalia. Sitasahau hayo macho. Hayakuwa na hasira. Yalikuwa ya mtu aliyeachwa kwenye foleni na mwenzake. Yule mwanamke alikuwa amesema kweli na mimi sikuwa nimejua. Angani nyota ndiyo inayotoa na satelaiti inapokea. Hapa nyota ilikuwa ile mashine. Sikuwa nimefikiria kwamba kuna anayetoa.

Akasimama. Akaanza kutembea kuelekea mlangoni, polepole, anajikaza asikohoe. Yule mwanamke akaniuliza kwa mdomo bila sauti, kuna nini. Nikaona kabisa nyuma ya shingo ya anko palivyokuwa na mashimo mawili mahali pa nyama, na nikajua akipita huo mlango, mimi na mama hatumpati tena.

"Anko, haikupigwa na mtu," nikasema.

Akasimama bila kugeuka.

"Ile satelaiti. Nimesikiliza Mzungu mwenyewe. Hakuna kilichoirudia. Ilikuwa imesimama sawa, imetulia. Ikadhani inazunguka. Ikaogopa, ikajisukuma ili isimame, na huko kujisukuma ndiko kuliizungusha. Ilijivunja yenyewe, anko. Ilikuwa sawa."

Mtoto alilia mahali fulani ndani. Anko alikohoa, sasa hakuweza kujizuia, akashika ukuta. Nilisubiri akohoe hadi mwisho. Ilikuwa safari ndefu.

"Ilikuwa imetulia?" akauliza.

"Imetulia kabisa."

"Na mimi nikawaambia watu imepigwa."

"Ulikuwa huelewi, ukatunga. Si ndiyo kazi?"

Akacheka kidogo, cheko la pumzi tu. Akarudi, akapita mbele yangu, akaanza kufungua vifungo vya shati kabla hajafika chumbani. Mlango ukafungwa. Nikasikia yule mwanamke akimwambia aweke kifua kwenye ubao, asogeze mabega mbele, avute pumzi, ashikilie. Nikajikuta nami nimeshikilia yangu. Kulikuwa na mlio mfupi kama wa tochi inayowashwa. Basi. Hilo tu. Mlango ukafunguka, na anko akatoka mzima, akiwa amekosea kufunga vifungo.

"Niko kipande kimoja?" akaniuliza.

"Hata tumbo limebaki," nikamwambia.

Picha tulionyeshwa kwenye kompyuta. Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi, sikuwa nimejiandaa kuona mbavu za mtu ninayempenda. Zilikuwa nyembamba, zimepangwa vizuri, zinatia huruma. Na juu ya pafu la kulia, mahali ambapo palipaswa kuwa peusi, kulikuwa na weupe, kama mtu amemwaga unga na kuusambaza kwa kiganja. Ndani ya ule weupe kulikuwa na duara jeusi. Daktari akaweka ncha ya kalamu pale, akasema hilo ni shimo. Mama akashika mkono wangu mpaka kucha zikaingia. Anko akasogeza uso karibu na kioo, akaangalia sana, halafu akasema, "Sasa huyu ndiye landlodi," na hatukujua kama tucheke.

Makohozi yalipimwa, yakasema kifua kikuu. Anko alianza dawa siku iliyofuata majibu, dawa za kumeza kila siku kwa miezi, na daktari akasema amechelewa lakini hajachelewa sana. Hayo maneno mama aliyarudia njia nzima hadi Kibera kama mtu anayebeba mayai. Siku ya picha, kabla hatujaondoka, mimi ndiye niliyeitwa kando. Yule mwanamke wa picha alitaka kujua anko anafanya kazi gani, na nilipomwambia, uchangamfu ukamtoka usoni.

"Huo ukumbi una madirisha?"

Nilimwambia yako manne, lakini tumeyafunika kwa blanketi na kuyapigilia mbao juu, ili skrini ionekane mchana.

"Na hapo ndani wanakaa watu wangapi kwa pamoja?"

Niliwaona wote. Yule wa benchi la nyuma. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Miezi yote hiyo anko akiwakohoa kupitia maiki, na wao wakicheka midomo wazi. Yule mwanamke aliniambia bila kunilaumu kwamba madirisha yafunguliwe hewa ipite, kwamba watu waje wapimwe, hasa wa kila wiki, na kwamba wanaomhudumia mgonjwa wapimwe kwanza. Nilipimwa, mama pia. Tulikuwa salama. Wawili kati ya watu wa ukumbini hawakuwa salama, na nao walianza dawa. Niliwatafuta wote, mlango kwa mlango, ploti kwa ploti. Wengi walinisikiliza kwa sababu walimpenda anko. Mmoja alinifungia mlango usoni. Kijana mmoja aliniuliza kama ni kweli DJ aliingia kwa eksirei na akatoka, nikamwambia nenda kamuulize mwenyewe. Alienda.

Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Siku ile ile ya picha, niliacha mama anampikia anko uji, nikachukua funguo zake, nikaenda ukumbini. Hakukuwa na mtu. Nilipanda kwenye benchi, na kwa kuwa sikuwa na nyundo ya kung'olea misumari, nilitumia kijiko cha chuma cha kupakulia. Mbao zilikuwa kavu, zikang'oka na vumbi jingi. Nilifunga leso puani. Nikashusha blanketi la kwanza, la pili, la tatu. Dirisha la nne lilikuwa limeshikana na kutu, nikalipiga kwa kiganja mara kadhaa mpaka likafunguka kwa ghafla, na upepo wa Kawangware ukaingia na moshi wake na harufu ya mahindi ya kuchoma. Kisha nikayakunja yale mablanketi manne, nikayabeba hadi kwenye bomba, nikayaloweka.